Faili Gani Lina Neno la Mwisho? Tabaka za Mipangilio ndani ya APT

Kijana aliyenipigia simu alikuwa amekaa mbele ya mashine kwa saa mbili. Shule anakofanya kazi ilikuwa imebadilisha seva ya proksi, ile ambayo kompyuta zote za maabara hupitia kwenda kwenye intaneti, na kila mashine ya Debian ilitakiwa ipewe anwani mpya. Alifanya kama alivyofundishwa. Aliingia /etc/apt/apt.conf.d, akaunda faili akaliita 99proksi, akaandika mstari mmoja wenye anwani mpya, akahifadhi, akaendesha apt update. Mashine ikaenda kubisha hodi kwenye anwani ya zamani. Akabadili jina la faili, likawa 999proksi. Hali ikawa ileile.

"Kaka," akaniambia, "nimeipa namba kubwa kuliko zote na bado hainisikii."

Nilimwomba afungue faili moja tu, /etc/apt/apt.conf, lile lisilo na namba mbele yake. Ndani mlikuwa na mstari mmoja wa anwani ya zamani. Uliandikwa na programu ya kusakinisha Debian siku mashine ilipowekwa mara ya kwanza, pale ilipouliza kama kuna proksi na fundi wa wakati huo akaijaza. Tukaufuta mstari ule, na apt update ikapita bila kusitasita.

Alichokuwa akiuliza kijana yule ni swali linalomkuta kila anayesimamia mashine za Linux: mpangilio mmoja ukiandikwa mahali panne, na kila mahali pakisema lake, ni nani anayesikilizwa? Nimefanya kazi na Debian na Ubuntu kwa miaka mingi, na naona wengi wetu tumelijua jibu vipandevipande, kila kipande kwa siku moja ya kuumia. Ugumu unatokana na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. APT haina sheria moja ya nani ashinde. Inazo tatu, zote ndani ya folda ileile ya /etc/apt, na kabla hujaandika mstari wowote unatakiwa ujue uko chini ya sheria ipi.

APT ilizaliwa ndani ya mradi wa Debian mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaingia katika toleo la Debian 2.1 mwaka 1999. Kazi yake ni kuchukua vifurushi vya programu kutoka kwenye hazina, kupatanisha kipi kinategemea kipi, kisha kuikabidhi dpkg ivisakinishe. Leo ndiyo inayoendesha vifurushi vya Ubuntu, Linux Mint, Raspberry Pi OS na mifumo mingine mingi iliyochipuka kutoka Debian.

Sheria ya kwanza ni ya zamu. APT inapoamshwa, hutazama kwanza kama kuna kigeu cha mazingira kiitwacho APT_CONFIG. Kikiwepo, husoma faili kinaloelekeza. Halafu huingia /etc/apt/apt.conf.d na kusoma mafaili yaliyomo, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa majina. Yakiisha hayo ndipo hufungua /etc/apt/apt.conf. Baada yake huja hatua isiyojulikana na wengi, ya mipangilio iliyoandikwa kwa ajili ya amri moja mahsusi, ambayo nitairudia. Mwisho kabisa husikiliza ulichoandika kwenye mstari wa amri wenyewe, kwa -o au -c. Mpangilio ukiwa na thamani moja tu, kama anwani ya proksi, anayesomwa baadaye hufuta maneno ya aliyetangulia.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Folda yenye namba husomwa kabla ya faili kuu, kwa hiyo hakuna namba, hata ingekuwa kubwa kiasi gani, ambayo ingelishinda faili la apt.conf. Na kulikuwa na kosa la pili ambalo hakulijua. Majina ya mafaili hupangwa kwa kulinganisha alama moja moja kutoka kushoto, kama maneno ya kamusi. Namba nzima haihesabiwi. Faili la 100proksi husomwa kabla ya 99proksi, kwa sababu 1 hutangulia 9. Na 999proksi je? Alama mbili za kwanza zinalingana na za 99proksi. Ya tatu ni tarakimu 9 upande mmoja na herufi p upande wa pili, na tarakimu hutangulia herufi. Alipobadili jina akidhani anajipandisha ngazi, alikuwa amejishusha.

Jina la faili lina masharti mengine pia. Linaruhusiwa herufi, tarakimu, kistari, kistari cha chini na nukta, na kiishio chake kiwe .conf au kisiwepo kabisa. Ukiliita faili lako 99proksi.txt, APT itatoa taarifa fupi kwamba imelipuuza. Ukiliita 99proksi.bak halitasomwa, na safari hii hutaambiwa chochote, kwa kuwa .bak, .save, .orig, .disabled na viishio vingine vya aina hiyo vimo kwenye orodha ya vile vinavyopuuzwa kimyakimya. Hilo la pili lina manufaa yake: ukitaka kulizima faili kwa muda bila kulifuta, liongezee .disabled mwishoni. Lakini nimeona pia mtu akihifadhi nakala ya .bak, akaihariri nakala kwa bahati mbaya, halafu akashangaa mashine imekuwa kiziwi.

Kwa nini pawe na folda nzima wakati faili moja lingetosha? Sababu ni umiliki. Sera ya Debian hairuhusu kifurushi kimoja kuingia na kuhariri faili la mipangilio la kifurushi kingine. Kama kila kifurushi kinachotaka kuongeza neno lake kwenye APT kingelazimika kuandika ndani ya apt.conf, faili hilo lingegeuka uwanja wa ugomvi, na kukiondoa kifurushi kungemaanisha kuchambua mistari ipi ilikuwa ya nani. Folda ikaleta suluhu: kila kifurushi kinaleta faili lake, na kikifutwa kabisa (purge) kinaondoka nalo. Ndiyo maana ndani ya apt.conf.d utakuta 70debconf, 20auto-upgrades, 50unattended-upgrades na mengine, kila moja na mwenyewe. Faili la apt.conf limeachwa tupu kwa ajili ya mwenye mashine, na kwa kuwa ni lake, linasomwa baada ya yote. Ukilitazama kwa jicho la umiliki, mpangilio unaeleweka: aliyetengeneza mfumo husema kwanza, vifurushi hufuata, msimamizi wa mashine huja baada yao, na aliye kwenye kibodi sasa hivi ndiye anayefunga mjadala.

Kigeu cha APT_CONFIG, hata hivyo, kinavunja picha hiyo, na hapo ndipo wazoefu wa mifumo mingine hujikwaa. Katika programu nyingi za jamii ya Unix, kigeu cha mazingira hushinda faili. Kwenye Gentoo, kwa mfano, ukiweka USE mbele ya amri ya emerge, maneno yako hupita juu ya yale ya make.conf. Kwa APT ni kinyume: faili la APT_CONFIG husomwa mwanzo, kwa hiyo chochote kilichomo kinaweza kufutwa na kila anayefuata. Sababu ipo na ni ya maana. Mpangilio kama ule unaoiambia APT folda ya mipangilio iko wapi hauna budi kujulikana kabla folda yenyewe haijafunguliwa. Kigeu hiki kinawafaa watu wanaojenga mifumo ndani ya mifumo, wanaotaka APT itazame kwingine kabisa. Ukitaka faili lako lisomwe baada ya mengine yote, lipitishe kwa -c.

Jambo hilohilo linajirudia kwenye proksi kwa sura nyingine. Wengi hufungua terminali, huandika export http_proxy na anwani, halafu huendesha sudo apt update. Hapo pana mitego miwili kwa mpigo. APT hukitazama kigeu cha http_proxy pale tu ambapo hakuna mpangilio wa proksi uliotajwa kwenye mafaili. Kama upo hata mmoja wa miaka mitano iliyopita, kigeu hakihesabiwi. Na hata usipokuwepo, sudo kwa kawaida husafisha mazingira ya mtumiaji kabla ya kuendesha amri, kwa hiyo APT haikioni kigeu chenyewe. Kwenye mashine ya kudumu, proksi ya APT iandikwe kwenye faili la APT. Kigeu kiachiwe programu nyingine.

Sasa ile hatua ya nne niliyoiruka, ambayo kwa mtu anayenunua intaneti kwa bando ina thamani ya pesa. Mwaka 2014, toleo la 1.0 la APT lilileta amri fupi ya apt, iliyokusudiwa mtu anayekaa mbele ya skrini, huku apt-get ikibaki kwa ajili ya hati za amri (script) na kazi za kujiendesha. Amri hizi mbili hazina mwenendo mmoja. Tangu toleo la 1.2, apt-get huyaacha mafaili ya .deb iliyoyapakua ndani ya /var/cache/apt/archives, ila apt huyafuta mara tu usakinishaji unapokamilika. Fundi mwenye kompyuta ishirini na modemu moja anataka yabaki, ayanakili kwa flashi na kuyapeleka kwenye mashine nyingine bila kupakua tena. Basi anaandika kwenye faili lake:

APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

Anaendesha apt install, anafungua folda, haina kitu. Anarudia kwa apt-get, vifurushi vinabaki. Kilichotokea ni kwamba amri ya apt imebeba mpangilio wake yenyewe chini ya tawi liitwalo Binary::apt, na baada ya mafaili yote kusomwa, tawi hilo huhamishiwa juu na kufunika yaliyokuwepo. Mstari wake ulisomwa vizuri kabisa, halafu ukafunikwa. Dawa ni kuandika ndani ya tawi lenyewe:

Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

Neno moja la mbele, na gigabaiti kadhaa zinaokolewa kila mwezi. Hili lingestahili kuwemo kwenye kila somo la Ubuntu linalofundishwa mahali ambapo intaneti ni ghali, nami sikumbuki kuliona kwenye hata moja.

Ndani ya apt.conf.d yenyewe, mgongano unaokutwa zaidi ni wa masasisho ya kujiendesha. Kwenye Ubuntu kuna mafaili mawili, 10periodic na 20auto-upgrades, na yote mawili yanaweza kubeba mpangilio mmoja: APT::Periodic::Update-Package-Lists, unaosema orodha ya vifurushi isasishwe kila baada ya siku ngapi. Thamani "1" ni kila siku, "0" ni kuzima. Mtu anatafuta, anakutana na 10periodic kwanza, anaandika "0", anafunga. Kesho mashine inapakua kama kawaida, kwa kuwa 20auto-upgrades husomwa baadaye nalo linasema "1". Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa macho ya APT hakuna kosa: mmoja alisema, mwingine akasema baada yake.

Hayo yote ni mambo ya thamani moja. Sheria ya pili inahusu orodha, na hapa wa mwisho hamshindi yeyote. Orodha hulimbikizwa. Faili la kwanza likitaja vitu viwili na la pili likataja kitu kimoja, APT itakuwa na vitu vitatu. Faili la 50unattended-upgrades lina orodha ya hazina ambazo masasisho yake yanaruhusiwa kuingia bila mtu kuulizwa. Msimamizi makini huunda faili lake, 52unattended-upgrades-local, kama maelezo ya kifurushi hicho yanavyopendekeza, na ndani yake anaandika hazina ya usalama peke yake, akidhani amezipunguza nyingine. Hajapunguza kitu. Ameongeza mstari juu ya iliyopo, na zile alizotaka zitoke bado zimo.

Njia ya kuondoa ni agizo la #clear, likifuatiwa na jina la orodha, kisha unaijenga upya chini yake. Kwa kuwa alama ya # katika lugha nyingi za mipangilio huanzisha maelezo yasiyotekelezwa, macho ya wengi huruka mstari huo, na nimeshamwona mtu akiufuta "kusafisha faili". Usifutwe. Ndio unaofanya kazi.

Mfano wa wazi wa orodha inayolimbikizwa uko kwenye Docker. Imeji rasmi za Debian na Ubuntu huja na faili liitwalo docker-clean ndani ya apt.conf.d. Limebeba amri zinazofuta akiba ya vifurushi kila baada ya usakinishaji, ili imeji isinenepe bure. Anayejenga imeji mara nyingi kwa siku angependa akiba ibaki, asipakue upya kila saa. Akiongeza faili la 99akiba lenye mapenzi yake, amepotea mara mbili: jina la docker-clean linaanza kwa herufi, hivyo husomwa baada ya 99 yake, na amri za kufuta zimo kwenye orodha, hivyo hata angesomwa wa mwisho asingeziondoa kwa kuongeza tu. Maelekezo ya Docker wenyewe kwa kazi hiyo yanaanza na kulifuta faili la docker-clean, na nadhani ni uamuzi sahihi. Panapo orodha ya amri, kumwondoa msemaji ni salama kuliko kubishana naye.

Sheria ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Inahusu toleo lipi la kifurushi lichaguliwe pale hazina zaidi ya moja zinapokuwa nalo. Mafaili yake ni /etc/apt/preferences na yaliyomo ndani ya /etc/apt/preferences.d, na APT huamua kwa namba za kipaumbele. Hazina ya kawaida hupata 500. Toleo ambalo tayari limesakinishwa hupata 100, na kiasi hicho hicho hupewa hazina ya backports ya Debian, ndiyo maana vifurushi vyake haviingii mpaka uvitaje. Hazina ya experimental hupata 1. Toleo ulilolitangaza kuwa lengo lako, kwa -t au kwa mpangilio wa APT::Default-Release, hupata 990. Ikifika 1000 na zaidi, APT inakubali hata kukurudisha kwenye toleo la nyuma. Ikiwa chini ya sifuri, kifurushi hakisakinishwi.

Namba kubwa inashinda. Namba zikilingana, toleo jipya ndilo linaloshinda. Hadi hapo pako sawa. Lakini angalia jinsi kanuni zenyewe zinavyogombana. Kanuni inayotaja kifurushi kwa jina hushinda ile inayosema kwa ujumla. Kanuni mbili zikitaja kifurushi kilekile, ya kwanza kusomwa ndiyo inayoamua. Zikiwa za jumla zote, huchukuliwa yenye namba kubwa zaidi. Yaani hatua chache tu kutoka folda ambamo wa mwisho hushinda, unaingia folda ambamo wa kwanza hushinda, na majina ya mafaili yanafanana kabisa kwa sura.

Linux Mint walitumia sheria hii hadharani mwaka 2020. Ubuntu ilikuwa imekigeuza kifurushi cha Chromium kiwe mlango wa kuleta snapd, huduma inayoendesha vifurushi vya mtindo wa snap, na Mint hawakutaka snapd iingie kwenye mashine za watu bila wao kujua. Katika Mint 20 waliweka faili la nosnap.pref ndani ya preferences.d, lenye mistari mitatu: jina la kifurushi, snapd; hazina, yoyote ile; kipaumbele, -10. Mistari mitatu ilitosha kuufunga mlango. Mtumiaji anayeitaka snapd anaelekezwa aliondoe faili hilo. Angeunda lake lenye 500 na kuliita zz-snap.pref kwa mazoea ya apt.conf.d, asingefika popote, maana nosnap.pref lingekuwa limekwisha kusema kabla yake.

Mwaka 2021 tabaka hizi ziligusa usalama wenyewe. Debian 11, yenye jina la bullseye, ilitoka tarehe 14 Agosti mwaka huo, na jina la hazina yake ya usalama lilibadilishwa mtindo, likawa bullseye-security. Wasimamizi wengi walikuwa na mstari mmoja wa zamani kwenye apt.conf.d, wa APT::Default-Release wenye jina la toleo, walioubadilisha kutoka buster kuwa bullseye na kuendelea na kazi. Hesabu ikawa hivi: hazina kuu, ambayo jina lake linalingana na lengo, ilipata 990, hazina ya usalama, ambayo jina lake sasa halilingani, ilibaki na 500. Kiraka cha usalama kikitoka, toleo jipya lilikaa upande wa 500 na toleo lenye tundu upande wa 990. APT ilichagua lenye tundu. Ilikuwa inatii ilichoambiwa.

Fikiria seva ya zahanati au ya SACCOS katika hali hiyo. apt update inapita, apt upgrade inasema hakuna cha kusasisha, msimamizi anakwenda kulala akiamini mashine iko salama. Waandishi wa Debian walionya kuhusu hilo ndani ya maelezo ya toleo, wakashauri mpangilio uandikwe kwa namna inayolikumba jina la toleo pamoja na viambatisho vyake vya security na updates. Ila maelezo ya toleo ni maandishi marefu ambayo watu husoma wakati kitu kimeharibika, na hapa hakuna kilichoonekana kuharibika. Kwa hukumu yangu, Default-Release haifai kuwekwa kwenye seva isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa na inayopitiwa kila toleo linapobadilika.

Wanaotoka kwenye mifumo mingine huja na mazoea yao, na hilo huongeza ugumu. DNF ya Fedora ina dnf.conf kwa ajili ya wote, halafu kila hazina ina faili lake ndani ya /etc/yum.repos.d linaloweza kusema tofauti kwa ajili ya hazina hiyo tu, na --setopt kwenye mstari wa amri hushinda zote. Vipaumbele vyake vimegeuzwa: namba ndogo ndiyo kubwa, na ya kawaida ni 99. Zypper ya openSUSE ni vilevile. Pacman ya Arch haina namba kabisa. Hazina iliyoandikwa juu zaidi ndani ya pacman.conf ndiyo inayosikilizwa, hata kama ya chini yake ina toleo jipya zaidi. Mtu aliyezoea Fedora akiweka kipaumbele cha 10 kwenye APT akidhani ameipandisha hazina, ameizika chini ya kila kitu kilichokwisha kusakinishwa.

Mtindo ninaoupenda zaidi ni ule wa systemd, ambao DNF5, iliyofanywa DNF ya kawaida ya Fedora 41 mwaka 2024, imeufuata: mafaili ya watengenezaji hukaa chini ya /usr, ya mwenye mashine chini ya /etc, na faili la /etc likiwa na jina sawa na la /usr, la /usr halisomwi kabisa. Hapo umiliki unaonekana kwa macho, kwa kutazama njia tu. APT imeyachanganya ya vifurushi na ya msimamizi ndani ya folda moja ya apt.conf.d, na hakuna njia ya kulifunika faili la kifurushi kwa kuandika la jina hilohilo kwingine. Huo ni udhaifu wa kweli. Kuubadilisha baada ya zaidi ya miaka ishirini kungevunja mashine zisizo na idadi, kwa hiyo tutaishi nao.

Kuishi nao kunataka adabu fulani ya kazi. Ya kwanza ni kuacha kuhariri mafaili ya vifurushi. Ukiligusa faili ambalo kifurushi kimelileta chini ya /etc, siku kifurushi hicho kitakapoboreshwa na mtunzaji naye awe amelibadilisha faili hilo, dpkg itasimama na kuuliza: libaki lako au liingie la mtunzaji? Jibu la kawaida ni kubaki na lako, kwa kuwa sera ya Debian inataka mabadiliko ya msimamizi yaheshimiwe. Lakini kwenye seva inayojisasisha usiku hakuna mtu wa kujibu, na unattended-upgrades ikiona kifurushi kitauliza swali la namna hiyo hukiacha nyuma na kuandika kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo mstari mmoja uliouhariri mwaka juzi unaweza kukizuia kifurushi kisisasishwe mwaka huu. Unda faili lako mwenyewe, lipe jina linaloanza na 99 na kufuatiwa na herufi za mwisho mwisho kama utashindana na majina ya namba, au zz kama kuna majina ya herufi. Kwa preferences.d fanya kinyume chake, anza na 00.

Ya pili ni kuiuliza APT yenyewe badala ya kukisia. Amri ya apt-config dump huonyesha mipangilio yote kama ilivyotulia baada ya mafaili kusomwa. Ukitaka ya proksi tu:

apt-config dump | grep -i proxy

Kile utakachokiona ndicho APT inachokiamini. Haitakuambia kimetoka faili gani, na hilo ni pengo ambalo ningependa watunzaji wake walizibe. Kwa sasa unalitafuta mwenyewe kwa grep -rni proxy /etc/apt, ukisoma majina kwa mpangilio wa zamu. Kwa upande wa vipaumbele, apt policy bila jina huonyesha kila hazina na namba yake, na apt policy ikifuatiwa na jina la kifurushi huonyesha matoleo yote yanayopatikana, lipi limesakinishwa na lipi lingechaguliwa. Seva zile za bullseye zingegunduliwa kwa amri hiyo moja: 990 kwenye mstari wa hazina kuu, 500 kwenye mstari wa security.

Baada ya simu ile, kijana alizipitia mashine zote za maabara. Kwenye kila moja alihakikisha mstari wa anwani ya zamani umeondoka kwenye apt.conf na ule wa anwani mpya umo kwenye faili lake ndani ya apt.conf.d, na juu ya mstari akaandika maelezo mafupi yenye tarehe, sababu na cheo chake. Hiyo ni kazi ya dakika mbili kwa mashine, na fundi atakayekuja baada yake hatapoteza saa mbili alizopoteza yeye.

Nawe unayesimamia seva ya Debian au Ubuntu, iwe ya ofisi, ya shule au ya zahanati: kabla hujaifunga terminali leo, andika apt policy na usome namba iliyo mbele ya hazina ya usalama. Ikiwa chini ya ile ya hazina kuu, mashine yako haipokei viraka, na inakupasa uirekebishe leo hii.